Figo ya kwenye ramani ya Kichina na figo ya mama yako

*Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Tanga, magoti yanamsumbua siku nyingi na ana presha. Jirani alimpeleka kliniki moja ya tiba mbadala, akashikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, ikatoka ripoti ya kurasa nyingi. Wakamwambia nguvu yake ya uhai imeshuka, meridiani ya figo imeziba na figo zake ni dhaifu. Wamempa unga wa mitishamba wa miezi mitatu na wamemwanzishia sindano za Kichina. Magoti kwa kweli yamepungua kuuma. Lakini ameacha vidonge vya presha, anasema vitamalizia figo, na usiku halali kwa hofu. Mjomba naye anasema hiyo nguvu ya uhai ni mambo ya majini. Je, hizi meridiani zipo kweli mwilini? Aendelee au aache?*

Marahaba, mwanangu. Kuna jambo lisilosubiri mwisho wa jibu hili: mpeleke mama kituo cha afya leo au kesho, apimwe presha na arudishwe kwenye vidonge vyake. Presha isiyodhibitiwa, pamoja na kisukari, ndivyo vinavyoongoza kuharibu figo za watu wazima. Mama ameitupa kinga akidhani anakimbia sumu. Na ule unga auweke juu ya kabati kwanza, nitaufikia.

Sasa meridiani, yaani zile njia za mwilini ambamo tiba ya Kichina inasema nguvu ya uhai hupita. Ukiuchunguza mwili wa binadamu kwa jicho, kwa hadubini au kwa mashine ya picha, utakuta mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mirija ya limfu, misuli na tishu unganishi inayoifunga misuli hiyo. Meridiani huikuti. Wala si kwamba haijatafutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Korea Kaskazini, mtafiti aitwaye Kim Bong-han alitangaza kwamba ameziona: vijifereji vyembamba mno vyenye vinundu, vinavyolingana na nukta za sindano, yaani mahali anapochoma tabibu wa Kichina. Serikali yake ikamjengea taasisi na matokeo yakasambazwa nje ya nchi. Katikati ya muongo huohuo kazi ikazimika ghafla na jina lake halikusikika tena. Watafiti wa Seoul waliifufua hoja yake miaka ya 2000, lakini vijifereji hivyo havijaingia kwenye vitabu vya anatomia wanavyosomea madaktari.

Mwaka 2002 Helene Langevin wa Marekani alichapisha kazi yenye uzito zaidi. Alilinganisha nukta za mkono na tabaka za tishu unganishi, akakuta nyingi ziko pale tabaka hizo zinapokutana, kwenye mabonde baina ya misuli. Nimeisoma kwa heshima. Inatusaidia kuelewa kwa nini vidole vya matabibu wa kale vilizoea kubonyeza hapo. Lakini haithibitishi kwamba kuna nguvu inayopita humo.

Kama si mifereji, ni nini basi? Hapa inabidi turudi China yenyewe, maana habari hii ina utamu wake na wauzaji wa mashine hawaisimulii.

Mwaka 1973, huko Mawangdui, kwenye mji wa Changsha katika jimbo la Hunan, wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani mlikuwa na maandishi juu ya hariri, na miongoni mwake maelezo ya njia za mwilini ya kale kuliko yaliyokuwa yakijulikana hadi wakati huo. Njia zilikuwa 11, wakati leo zinahesabiwa 12. Hazikuunganishwa kuwa mzunguko mmoja. Nukta za sindano hazimo kabisa, na hata sindano haitajwi kuwa ndiyo dawa ya njia hizo: mgonjwa alitibiwa kwa kuunguziwa majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi. Kila njia imeelezwa inakoanzia na inakopita, halafu yanafuata maumivu yanayoambatana nayo.

Itazame moja tu. Inatoka kwenye kifundo cha nje cha mguu, inapanda kwenye kigimbi, inapita nyuma ya goti, inafika takoni, inapanda mgongoni hadi kichwani. Maradhi yake ni maumivu ya kigimbi, goti kukaza, tako kuuma, kiuno kuuma. Mtu wa kwenu Tanga anayelalamika kuwa ana mshipa, unaomkamata kiunoni, ukapita takoni, ukashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kifundo, anatembeza kidole chake karibu kwenye mstari huohuo. Mimi nikimsikia nafikiria neva ya siatiki iliyobanwa mgongoni. Au chukua njia ya moyo, inayopita upande wa ndani wa mkono na kuishia kidole kidogo: maumivu ya moyo uliokosa damu ya kutosha mara nyingi hushuka upande huohuo, kwenye mkono wa kushoto. Watu hawa hawakubuni kila kitu. Waliwasikiliza wagonjwa wao kwa makini, wakafuata pale maumivu yanapotembea, wakaandika.

Baadaye uchunguzi huo ukavishwa falsafa. Kitabu kikuu cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, kilichokusanywa karne za mwisho kabla ya Kristo, kinatoa njia 12 na kuzilinganisha na mito 12 mikubwa ya nchi ile. Nukta zinatajwa kuwa 365, sawa na siku za mwaka. Mwili ulitakiwa kufanana na dola na anga: mito inatiririka, mifereji haizibi, mafuriko yanadhibitiwa, maghala yamejaa. Kule kuziba alikoambiwa mama yako kunatoka huko, kwenye nchi ya wakulima walioishi kwa mifereji ya maji na kuogopa mafuriko. Zile njia 11 zikawa 12, zikafungwa kuwa duara, kila moja ikipokea kutoka kwa mwenzake. Baadaye kila njia ikapewa saa zake: ini saa 7 hadi saa 9 usiku, mapafu saa 9 hadi saa 11 alfajiri, figo saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Hiyo ndiyo asili ya jumbe zinazosambazwa kwenye simu kwamba ukishtuka usingizini saa fulani kiungo fulani kinaumwa. Mzee anayeamka saa 9 usiku mara nyingi huamka kwa sababu ya mkojo au ya mawazo.

Hesabu ya nukta haikutulia wakati wowote. Huangfu Mi, katika karne ya 3, aliorodhesha 349. Orodha ya kimataifa inayotumika sasa, ya Shirika la Afya Duniani, ina 361. Kwa kuwa kila mwalimu alikuwa na vipimo vyake, mwaka 1027, katika utawala wa Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia uundaji wa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu, zenye matundu kwenye kila nukta. Inasimuliwa kuwa wakati wa mtihani sanamu ilipakwa nta ili matundu yasionekane, ndani ikajazwa maji. Mwanafunzi alichoma sindano mbele ya walimu wake: akipata tundu, maji yanatoka, akikosa, sindano inagota kwenye shaba. Nimeipenda habari hii tangu nikiwa mwanafunzi wa udaktari huko China, kwa sababu inaonyesha jinsi walivyolichukulia jambo lao kwa uzito. Lakini angalia kilichokuwa kinapimwa. Mwanafunzi alipimwa kama anaijua ramani, na jibu sahihi lilitobolewa na mwenye ramani.

Na Wachina wenyewe walihoji. Wang Qingren, aliyefariki mwaka 1831, alichoshwa na michoro ya viungo isiyolingana. Akaenda mwenyewe kwenye makaburi ya watoto waliokufa kwa maradhi ya mlipuko, waliozikwa juujuu mpaka mbwa wakawafukua, na mahali pa kuulia wahalifu, akatazama viungo kwa macho yake. Mwaka 1830 akachapisha kitabu cha kusahihisha wazee waliomtangulia. Naye alikosea mengi, lakini alikwenda kuangalia. Mwaka 1822 mfalme Daoguang alikuwa ameshaiondoa tiba ya sindano kwenye chuo cha matabibu wa ikulu. Tiba hii ilirudi kwa nguvu chini ya serikali ya Mao Zedong kuanzia miaka ya 1950, kwa imani na kwa siasa, na kwa sababu nchi ilikuwa na watu wengi mno na madaktari wachache mno.

Nahodha wa jahazi alitoka Lamu akafika Muscat kwa kufuata nyota, akiamini mbingu ndiyo inayoizunguka dunia. Alifika kweli. Hilo halikuifanya mbingu imzunguke, wala hesabu yake ya nyota isingemwambia nini kimeoza kwenye shehena chini ya sitaha. Ramani ya meridiani naiona hivyo. Inaweza kuuongoza mkono wa tabibu mahali pa kubonyeza. Kueleza hali ya kiungo kilicho ndani haiwezi, na hapo ndipo mama yako alipoumizwa.

Katika tiba ya Kichina, figo ni zaidi ya viungo viwili vinavyochuja damu. Ni jina la kundi zima la kazi za mwili. Figo hutunza asili ambayo mtu amerithi kwa wazazi wake, husimamia ukuaji, uzazi, mifupa, uboho, nywele na masikio, na hisia yake ni woga. Huangdi Neijing inayahesabu maisha ya mwanamke kwa miaka saba saba: akiwa na 7 nguvu ya figo inachanua na meno yanabadilika, akiwa na 14 anapata hedhi, akiwa na 49 hedhi inakoma. Kwa hesabu hiyo uzee wenyewe ni kupungua kwa figo. Nywele zikiwa nyeupe, kusikia kukapungua, kiuno na magoti yakalegea, mtu akawa anaamka usiku kukojoa, tabibu wa jadi ataandika upungufu wa figo. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 63 mwenye magoti mabovu ataambiwa maneno hayo karibu kila aendako kwa matabibu wa aina hiyo, hata kama figo zake zinachuja damu vizuri kabisa. Njia yenyewe ya figo, yenye nukta 27, inaanzia chini ya kidole kidogo cha mguu, inakata unyayo, inazunguka nyuma ya kifundo cha ndani, inapanda kupitia ukingo wa ndani wa goti mpaka chini ya mtulinga. Goti liko njiani. Kwao hoja imekamilika.

Katika hospitali za tiba ya jadi kule China, tabibu huyohuyo anayesema upungufu wa figo humtuma mgonjwa maabara anaposhuku ugonjwa wa figo zenyewe. Anajua kwamba ana lugha mbili mkononi. Kliniki ya Tanga ilichukua neno la lugha ya kwanza ikamkabidhi mama anayeijua ya pili tu, kisha ikamwacha aende nalo nyumbani. Hilo linaniudhi, na siwezi kulifunika. Mwanamke mwenye presha akiambiwa figo zako ni dhaifu anasikia kusafishwa damu kwa mashine, anasikia mazishi. Ndiyo maana halali.

Figo halisi hupimwa kwa vitu viwili visivyo na fumbo: damu, kuangalia kreatinini, taka ambayo figo huichuja, na kukokotoa kasi ya kuchuja, na mkojo, kuangalia protini. Mgonjwa wa presha anatakiwa kupimwa hivyo angalau mara moja kwa mwaka. Muombe daktari wa kituo aandike vipimo vyote viwili. Majibu yake ndiyo yatakayomrudishia mama usingizi, au yatakayowaonyesha kitu cha kushughulikia mapema.

Kuhusu ile mashine sitatumia maneno mengi. Wazo la kupima meridiani kwa umeme wa ngozi si geni: Yoshio Nakatani wa Japani alilianzisha mwaka 1950, na Reinhard Voll wa Ujerumani akafanya lake muongo huohuo. Kinachobadilika kwenye ngozi ni jasho, unyevu na jinsi ulivyokikaza kijiti. Mkono uliotoka kuoshwa utatoa namba tofauti na mkono mkavu. Kutoka hapo kwenda kwenye kurasa za ini, figo, mifupa na madini hakuna njia. Zingatia pia kwamba kabla ya kupima huulizwa umri, jinsia, urefu na uzito. Ukitaka kujiridhisha, rudi na mama, aombe kupimwa mara mbili mfululizo, na mara ya pili aandikwe ana miaka 25. Zilinganisheni ripoti hizo mbili, ukurasa kwa ukurasa. Waandishi wa Huangdi Neijing hawakujua umeme, na hakuna mahali waliposema qi, yaani hiyo nguvu ya uhai, ni kitu cha kusomwa kwa kijiti cha chuma.

Sasa tuje kwenye magoti, maana umeniambia yamepungua kuuma na mimi namwamini mama yako.

Utafiti ninaouthamini zaidi kwenye suala hili ulifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 1,007 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa kwa kura makundi matatu. Wa kwanza walichomwa sindano kwenye nukta za Kichina kama zinavyofundishwa. Wa pili walichomwa sindano juujuu, mahali ambapo makusudi hapakuwa na nukta yoyote, na wao hawakuambiwa. Wa tatu hawakuchomwa, waliendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya wiki 26, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 53.1 kwenye kundi la kwanza, asilimia 51.0 kwenye la pili, na asilimia 29.1 kwenye la tatu. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwenzake wa maumivu ya kiuno, wagonjwa 1,162, na sura ikawa ileile: asilimia 47.6, asilimia 44.2 na asilimia 27.4.

Soma namba hizo polepole. Waliochomwa walipata nafuu kuliko ambao hawakuchomwa, na tofauti si ndogo. Lakini kuchomwa kwenye nukta na kuchomwa nje ya nukta kulikaribiana mno. Kama dawa ingekuwa ni kuzibua njia ya figo, wale wa kundi la pili wasingepona, kwa sababu hakuna aliyegusa njia yao. Uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti 39 na wagonjwa 20,827, uliochapishwa mwaka 2018, uliona sindano za kweli zinazishinda kidogo zile za bandia na kuzidi kwa wazi kutochomwa kabisa.

Nafuu inatoka wapi? Sehemu yake iko kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukimpa mtu naloxoni, dawa inayozuia kemikali za mwili zinazofanana na mofini, nafuu ya sindano inapungua. Mwaka 2010 wengine wakaona kwenye panya kwamba sindano ikizungushwa karibu na goti, adenosini, ambayo hutuliza maumivu, huongezeka palepale. Sehemu nyingine iko kwenye kulazwa kitandani kwa utulivu, kuguswa, kusikilizwa na mtu asiyekuwa na haraka, na kutarajia kupona. Hiyo sehemu ya pili wengine huibeza. Mimi siibezi: ubongo uliotulia hupunguza maumivu kweli.

Ukitaka kuona jinsi inavyofanyika, kaa na mama siku moja akichomwa nukta iitwayo Zusanli, inayotumika sana kwa goti. Tabibu aliyefunzwa hatatoa rula. Ataweka vidole vinne vya mama mwenyewe, vikiwa vimebanwa pamoja, chini ya goti, kwa sababu vipimo vya tiba hii ni vya mwili wa mgonjwa: upana wa dole gumba ni cun moja, vidole vinne ni cun tatu. Kisha ataenda nje ya muundi kwa upana wa kidole kimoja na kubonyeza mpaka mama aseme hapo. Sindano ni nyembamba kama unywele mnene, haina tundu, haina dawa. Ikishaingia huizungusha taratibu. Baada ya muda mfupi mgonjwa huhisi uzito, kama mguu unataka kufa ganzi, na hisia hiyo inashuka kuelekea kifundoni, huku tabibu akihisi sindano imeshikwa na nyama. Wao husema qi imefika. Langevin alionyesha kwamba nyuzi za tishu unganishi hujiviringisha kwenye sindano inayozungushwa. Mama anahisi kitu halisi, na tabibu anahisi kitu halisi.

Wataalamu hawakubaliani juu ya hatua inayofuata, na ni haki uijue. Ujerumani, kutokana na tafiti hizo, iliruhusu bima za afya za umma kulipia sindano kwa kiuno na goti sugu. Uingereza, kwa ushahidi uleule na mwingine, taasisi yake ya miongozo ya tiba, NICE, ilisema mwaka 2022 kwamba sindano zisitolewe kwa magoti yaliyosagika, ingawa mwaka 2021 ilikuwa imeziruhusu kwa baadhi ya maumivu sugu. Mimi niko karibu na Wajerumani kwa sababu ya watu kama mama yako. Mzee wa presha anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti anaharibu figo zake kweli na kupandisha presha. Sindano iliyochomwa vizuri, ikimwezesha kupunguza vidonge hivyo, nitaipokea, hata kama maelezo yanayoambatana nayo siyakubali. Na muulize mama kwa upole kama ana diklofenaki au nyingine ya jamii hiyo aliyonunua duka la dawa bila kukwambia. Wagonjwa wengi wa magoti wanayo.

Unga sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja uliotakiwa kuwamo ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo, wengi wakaishia kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyingine, na baadaye saratani ya njia ya mkojo ikajitokeza kwa baadhi yao. Sisemi unga wa mama una kitu hicho. Nasema unga usio na orodha ya mimea, usio na jina la mtengenezaji wala namba ya usajili, hauwezi kuitwa dawa ya figo, na mgonjwa wa presha asiumeze. Chukua pakiti yake nenda nayo kwa daktari siku ya vipimo.

Wala si kwamba mimea ya Kichina naidharau. Artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto tunayotibia malaria ilitoka huko. Ge Hong, katika karne ya 4, aliandika kuloweka mmea uitwao qinghao na kukamua maji yake kwa ajili ya homa. Tu Youyou na wenzake wakalifuata dokezo hilo, mwaka 1972 wakaitenga kemikali yenyewe, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mmea ule ulichujwa, ukapimwa kwa wanyama, ukapimwa kwa watu, kipimo cha dozi kikajulikana. Ndiyo njia ambayo unga wa mama haujapita.

Mjomba wako usimkatize. Ana wasiwasi wa dini na anastahili jibu. Qi, inayotamkwa chi, katika vitabu vya tiba haiabudiwi, haiombwi wala haipandi kichwani kwa mtu. Iko ya aina nyingi: ile ya kurithi kwa wazazi, ile inayotokana na chakula, ile ya kifuani inayoendesha pumzi, ile inayolinda ngozi dhidi ya baridi, na iko pia qi mbaya inayoleta maradhi, kama upepo na unyevu. Tiba ya Kiyunani iliyofika pwani yetu kupitia kwa Waarabu, yenye joto, baridi, ukavu na unyevu, inafikiri kwa namna iliyo karibu na hiyo, na wazee wetu wacha Mungu wameitumia vizazi na vizazi kuamua chakula gani ni cha baridi kwa mzazi. Hukumu ya kidini ataitoa sheikh wake. Lakini akamuulize kuhusu kilichomo vitabuni, maana wapo pia watu wanaochanganya sindano na kupunga, na huyo ni mtu mwingine.

Aendelee au aache, basi? Vipimo vya damu na mkojo kwanza. Unga aache. Mashine asiilipie tena. Sindano anaweza kuendelea nazo kwa masharti: anayemchoma awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na awe amesomea sindano hasa. Tiba hii si ngeni nchini: madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968, na baadhi yao walikuja na sindano zao. Pakiti ifunguliwe mbele yako, kila sindano itumike mara moja na itupwe, kwa sababu homa ya ini B haichagui. Kifuani na juu ya mabega asichomwe kwa ajili ya magoti, mapafu yako karibu na yameshawahi kutobolewa. Akiwa anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla.

Na sambamba na hayo afanye kile ambacho kina ushahidi mkubwa zaidi kwa goti lililosagika kuliko sindano, yaani mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mpaka uwe sawa na paja, ahesabu taratibu hadi tano, aushushe. Kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Uzito ukipungua kilo chache, goti litauhisi upungufu huo kila hatua. Mpeni sindano mara sita hadi kumi. Zikifika kumi na bado anashuka ngazi kwa upande, acheni, na fedha hiyo mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa.